Mhariri, tuache kupaka rangi grafu, tukaangalie majedwali yaliyo nyuma yake

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na kila nikiliongelea kazini naonekana mlalamishi tu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza ripoti, hizi za kwenye kompyuta ambazo bosi anafungua asubuhi anaona grafu, anabonyeza mwezi, anabonyeza tawi, namba zinabadilika. Dashibodi. Kila kona sasa hivi watu wanazisifia hizi programu, Power BI, Tableau, Qlik na ndugu zao, ati ukishalipia leseni basi kampuni yako imeanza kuamua mambo kwa data. Haya. Ila sijawahi kuona mtu anaongelea kile kilichopo nyuma ya grafu, na hicho ndo kinachoamua kama namba unayoiangalia ni ya kweli au ni uongo uliopigwa pasi. Kitu chenyewe kinaitwa modeli ya data, kwa lugha nyepesi ni namna ulivyoyapanga majedwali yako na ulivyoyaunganisha, basi, hakuna uchawi mwingine.

Nianze na yaliyonikuta ndo mtanielewa.

Kuna sehemu nilikuwa nafanya kazi, jina tuliache. Kikao cha mwezi, watu wamekaa, mkuu wa mauzo kafungua ripoti yake, gharama za usafirishaji za mwezi ule zinasoma kiasi fulani, mkuu wa fedha naye kafungua ya kwake, namba haifiki hata nusu ya ile. Mwezi uleule, kampuni ileile, na kibaya zaidi ripoti zote mbili nimezitengeneza mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Bosi wala hakupandisha sauti, kanigeukia tu, "Kijana, sasa tuamini ipi?" Mhariri, hapo ukisema "naomba muda bosi" unajisikia unazama na kiti chako.

Usiku ule sikulala, nikaanza kufukua. Kumbe hivi. Oda ya mteja ina sehemu mbili, kuna kichwa cha oda (nani kaagiza, lini, gharama ya kumpelekea mzigo) na kuna mistari ya oda (bidhaa gani, ngapi, kwa kiasi gani). Mimi nilikuwa nimeyaunganisha majedwali yote mawili yakawa jedwali moja pana, kurahisisha maisha. Sasa chukua oda moja yenye bidhaa 3 na gharama ya usafirishaji 40. Kwenye kichwa cha oda ile 40 imeandikwa mara moja. Ukishaunganisha, kila mstari wa bidhaa unabeba ile 40 yake, kwa hiyo sasa iko mara tatu, programu inajumlisha inapata 120. Haijakosea, imejumlisha nilichoiambia ijumlishe. Na unajua kwanini sikuona wakati wa kujaribu? Nilijaribu na oda tatu nne ambazo kila moja ilikuwa na bidhaa moja tu, namba zikalingana vizuri kabisa, nikafunga kompyuta nikaenda zangu nyumbani nikijiona fundi.

Tangu siku ile kuna swali moja nauliza kabla sijagusa kitu chochote: mstari mmoja wa hili jedwali ni nini? Yaani nikichukua mstari mmoja nikaushika mkononi, unawakilisha nini duniani? Ni oda nzima? Ni bidhaa moja ndani ya oda? Ni hali ya stoo mwisho wa siku? Mimi naiita punje ya jedwali. Ukishindwa kujibu kwa sentensi moja fupi, usiendelee, funga, nenda kaongee na wanaoingiza hizo data. Ralph Kimball, yule Mmarekani aliyeusambaza sana huu upangaji tangu miaka ya 1990, aliweka mtiririko wa hatua nne na hili la punje ni la pili, linatanguliwa tu na kuchagua ni shughuli gani ya biashara unayoipima, alafu ndo yanafuata maelezo na namba. Watu wengi tunaanzia mwisho, tunaanza na namba, alafu tunashangaa.

Ukishajua punje, mengi yanajipanga. Unakuwa na jedwali la matukio, yaani mambo yaliyotokea: mauzo, malipo, malalamiko, mizigo iliyotoka. Hili ni refu sana ila jembamba, limejaa namba za kujumlisha na funguo za kuunganishia, yaani kama namba ya mteja au ya bidhaa iliyopo kwenye majedwali yote mawili. Pembeni yake unaweka majedwali ya maelezo: mteja, bidhaa, tawi, muuzaji, kalenda. Haya ni mafupi ila mapana, ndo yanayojibu nani, nini, wapi, lini. Matukio katikati, maelezo yamelizunguka, ukichora kwenye karatasi inatoka kama nyota na ndo maana wanauita mpangilio wa nyota. Gharama yangu ya usafirishaji ilitakiwa ikae kwenye jedwali lake la matukio lenye punje ya oda, au igawanywe kwa kila mstari wa bidhaa kwa kanuni ambayo watu wa fedha wamekubali. Nilichofanya mimi ni kuchanganya punje mbili kwenye jedwali moja.

Sasa kuna makundi mawili ya watu ambao nabishana nao kila wiki.

Kundi la kwanza ni wale wa "niletee kila kitu kwenye jedwali moja". Hawa wamelelewa na Excel, siwalaumu, hata mimi nimelelewa humohumo. Karatasi moja ya Excel inaishia mistari 1,048,576, na kabla ya toleo la 2007 ilikuwa inaishia 65,536, kwa hiyo mtu kazoea kubana kila kitu humo jina la mteja, anuani, kundi la bidhaa, vyote vinajirudia kila mstari. Kwa kazi ndogo ya mara moja, sawa tu, wala sitakukataza, na zipo programu zinazolimeza jedwali pana bila shida. Tatizo linakuja siku unapotaka kuongeza tukio la pili. Una mauzo humo, sasa bosi anataka na malalamiko. Utayaweka wapi? Ukiyagundisha ubavuni mwa mauzo umerudi kwenye 40 yangu iliyogeuka 120. Na kuna kingine, bidhaa ambayo haijauzwa hata moja kwenye jedwali pana la mauzo haipo, haionekani, kama haijawahi kuzaliwa. Bosi akiuliza "bidhaa zipi hazijatembea mwezi huu?" huna pa kuzitoa. Ukiwa na jedwali la bidhaa peke yake unazipata kwa dakika.

Kundi la pili wenyewe ndo wakali zaidi, wengi ni wataalamu wa mifumo. Hawa wanachukua majedwali yote ya mfumo wa kazini, sitini, themanini, wanayaburuta yalivyo na kuyatupa ndani ya programu ya ripoti, laini za kuunganisha zinakatiza kila upande kama nyavu zilizojisokota. Ukiuliza wanakwambia ndo data ilivyopangwa kitaalamu. Ni kweli imepangwa kitaalamu, ila kwa kazi nyingine! Edgar Codd, mwanasayansi wa kompyuta, alipotoa wazo lake la majedwali yenye uhusiano mwaka 1970 akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM, na kanuni zilizofuata za kuyagawanya majedwali, lengo lilikuwa kila taarifa iandikwe sehemu moja tu ili ukiibadilisha usiache nyingine imebaki na uongo. Kwa mfumo wa kuingizia data hiyo ni dhahabu. Ila mtu wa ripoti haingizi, anauliza. Akitaka kujua kundi la bidhaa anatakiwa apitie bidhaa, aina ndogo, aina, kundi, majedwali manne ili apate neno moja. Yakunje hayo manne yawe jedwali moja la bidhaa lenye kolamu za aina na kundi ndani yake, jina la kundi litajirudia mara mia tano na hakuna mtu atakufa. Hizi injini za ripoti zinahifadhi data kwa kolamu, kila thamani inawekwa mara moja kwenye kama orodha alafu mistari inaielekezea tu, kwa hiyo kujirudia kwa neno karibu hakuna gharama. Kinachozilemea ni kolamu yenye thamani nyingi tofauti.

Hapo kwenye thamani tofauti nikae kidogo maana watu wanalalamika "Power BI ni nzito" wakati nzito ni modeli yao. Chukua kolamu ya tarehe na saa, ile inayosoma mpaka sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa mwaka ni 31,536,000, kwa hiyo kolamu hiyo moja inaweza kubeba mamilioni ya thamani ambazo hakuna hata moja inayofanana na mwenzie, na hakuna cha kukandamiza hapo, yaani kubana ili faili liwe dogo. Igawe mbili, kolamu ya tarehe na kolamu ya saa. Tarehe za mwaka ni 365 tu, sekunde za siku ni 86,400, basi, zaidi ya hapo hakuna. Na ukiuliza vizuri utaambiwa wanachotaka ni kujua saa ngapi wateja wanakuwa wengi, kwa hiyo hata sekunde huzihitaji, bakiza saa 24. Nimewahi kuona faili linapungua mpaka mtu anadhani nimefuta data, nikamwambia kaka hesabu mistari, iko yote.

Kalenda nayo ina vituko vyake. Power BI ukiiacha na mipangilio yake ya mwanzo inatengeneza kwa siri jedwali la kalenda kwa kila kolamu ya tarehe unayoleta, huoni ila lipo, linaanza mwaka wa tarehe ya kwanza kabisa mpaka mwaka wa tarehe ya mwisho. Sasa mifumo mingi, mkataba ukiwa hauna mwisho wanaandika 31/12/9999, na tarehe isiyojulikana wanaandika 1/1/1900. Piga hesabu, miaka 8,100, siku karibu milioni 3, kwa ajili ya kolamu moja ambayo hata hakuna grafu inayoitumia. Zima hiyo kitu, tengeneza kalenda yako moja, kila siku mstari wake bila kuruka hata siku ambayo hamkuuza, weka mwaka, robo, mwezi, wiki, na mwaka wa fedha kama wenu hauanzi Januari. Alafu weka na namba ya mwezi upangie kwayo, maana usipofanya hivyo programu inapanga majina kwa alfabeti na mwaka wako unaanza Agosti, unafuata Aprili, alafu Desemba. Nimeshakaa kwenye kikao mtu anaeleza kwa uchungu "mauzo yalishuka kutoka Aprili kwenda Desemba" na watu wanaitikia kwa vichwa.

Sasa nije kwenye kidude ambacho kingekuwa binadamu ningekipeleka mahakamani. Kwenye hizi programu laini ya kuunganisha ina mwelekeo. Kawaida chujio linatembea kutoka upande wa moja kwenda upande wa wengi, mteja mmoja ana mauzo mengi, ukichagua mteja mauzo yanachujwa. Ila kuna sehemu unaweza kubofya ukasema chujio litembee pande zote mbili. Na watu wanaibofya kwa sababu inaonekana kama dawa.

Tuone. Una jedwali la mauzo limeunganishwa na bidhaa na wateja. Una jedwali la malalamiko limeunganishwa na wateja tu, kwa sababu anayepokea simu haandiki bidhaa. Mtu anavuta malalamiko kwa bidhaa kwenye ripoti, anaona kila bidhaa ina malalamiko 200, kiti 200, taa 200, meza 200. Namba ileile inajirudia mstari hadi mstari. Hiyo ni programu inakwambia kwa lugha yake kwamba hakuna njia kati ya bidhaa na malalamiko, imeshindwa kuchuja imekupa jumla yote. Mtu haelewi, anaona ni bagi, yaani kosa la programu yenyewe, anabofya pande mbili kati ya mauzo na wateja, na muujiza unatokea, namba zinabadilika, kiti 90, taa 120, meza 75. Anashangilia, anachapisha. Ila ukifuatilia njia: taa inachuja mauzo ya taa, mauzo ya taa yanachuja wateja walionunua taa, wateja hao wanachuja malalamiko yao yote. Kwa hiyo dada aliyenunua kiti na taa, kiti kikavunjika mguu akapiga simu, lalamiko lake limehesabiwa kwenye kiti na kwenye taa pia. Ukijumlisha hizo bidhaa tatu tu unapata 285 wakati malalamiko yote ni 200. Na mtu wa taa ameitwa ofisini ajieleze! Kosa la kwanza, lile la 200 kila mahali, lilikuwa zuri kwa sababu lilionekana. La pili limejificha ndani ya namba zinazofanana na ukweli. Dawa yake haiko kwenye kubofya, dawa ni kumwambia anayepokea simu aandike bidhaa, na kama haiwezekani basi hiyo ripoti haipo, hatuna hiyo data, mwisho.

Hili la "hatuna hiyo data" mabosi hawalipendi hata kidogo.

Wanaotumia Qlik nao wasicheke, kwao majedwali yanajiunganisha yenyewe kwa majina ya kolamu. Ukiwa na kolamu inaitwa Jina kwenye wateja na nyingine inaitwa Jina kwenye bidhaa, imeshaziunganisha, mteja anatafutwa kwenye majina ya viti. Na majedwali yakishea kolamu mbili kwa pamoja inakuundia ufunguo wa kutengeneza ambao hukuuomba. Kwa hiyo jamani taja vitu kwa majina yake, Jina la Mteja, Jina la Bidhaa, na zile kolamu za "kiasi2_mpya_final" zifie hukohuko zilikotoka zisifike kwa msomaji wa ripoti.

Kuna la muuzaji aliyehama. Hili linaumiza watu kimyakimya. Muuzaji alikuwa kanda ya kaskazini, mwezi wa 7 akahamishiwa kusini. Mtu wa data kafungua jedwali la wauzaji kafuta kaskazini kaandika kusini, kazi imeisha. Kesho yake mkuu wa kaskazini anafungua ripoti ya mwaka jana, mwaka ambao umeshafungwa, umeshakaguliwa, bonasi zimeshalipwa, anaona mauzo yake yamepungua. Mauzo ya nyuma yote ya yule muuzaji yamemfuata kusini kama mabegi yake. Ukitaka historia ibaki inabidi muuzaji awe na mistari miwili, mmoja kaskazini mpaka tarehe fulani, mwingine kusini kuanzia tarehe hiyo, na kila mstari uwe na ufunguo wake mpya kwa sababu namba yake ya kazi sasa inajirudia, alafu kila mauzo yaunganishwe na mstari uliokuwa hai siku ile. Ni kazi, sikatai. Na sio kila kolamu inastahili, mtu akibadilisha namba ya simu andika juu ya ile ya zamani uendelee na maisha yako. Ila ni lazima mtu akae na wenye biashara awaulize, mnataka kuona mauzo kwa kanda ya wakati ule au kanda ya leo? Mara nyingi wanakutazama kama umewauliza swali la mtihani, na mara nyingi jibu ni zote mbili.

Kuhusu wastani niseme haraka. Ukiweka wastani tayari umeshapigwa ndani ya jedwali umejifunga kamba. Tawi moja wateja 10 kwa wastani wa 50, tawi lingine wateja 90 kwa wastani wa 10, ukichukua wastani wa hizo wastani unapata 30 wakati ukweli ni 14, fanya hesabu mwenyewe. Hifadhi jumla na idadi, ugawanye mwishoni kwa fomula inayopigwa mtu anapobonyeza. Na stoo usiijumlishe kwa miezi, mzigo 100 mwisho wa Januari na 100 mwisho wa Februari na 100 mwisho wa Machi haufanyi 300, ni mzigo uleule umekaa hapo unakuangalia.

Najua wapo watakaosema mimi nimebaki nyuma, sasa hivi kuna akili mnemba, unaiandikia swali inakujibu, modeli ya nini tena. Sawa, lakini inajibu kutoka wapi? Ukiiuliza gharama ya usafirishaji itaenda kwenye kolamu ileile yenye 40 mara tatu, itajumlisha, itakuletea 120 kwa maelezo fasaha kabisa na itakushukuru kwa swali zuri. Angalau mimi unaweza kuniita ofisini. Na hapo ndo majina na maelezo ya kolamu yanakuwa na maana mara mbili, kwa sababu yule haendi kumuuliza mtu wa stoo kwamba "kiasi" kwenye hili jedwali ni idadi au ni pesa, anachagua moja tu.

Malalamiko yangu hasa Mhariri ni kwa wanaoajiri na wanaosimamia. Tangazo la kazi utaona "awe na uwezo wa kutengeneza dashibodi za kuvutia". Kuvutia! Usaili unapewa faili moja lililosafishwa unaambiwa chora. Ukiingia kazini unapewa wiki mbili, bosi anataka kuona kitu Ijumaa, na kuona maana yake ni rangi. Ukimwambia siku sita za kwanza nitakuwa naongea na watu wa stoo na wa fedha na kuchora maboksi kwenye karatasi anadhani unatafuta pa kujificha. Kwa uzoefu wangu sehemu kubwa ya kazi iko hapo, na ikikaa vizuri grafu unaziweka mchana mmoja, fomula zinakuwa fupi, mistari miwili mitatu. Ukiona fomula imefika mistari arobaini ina masharti ndani ya masharti, asilimia kubwa kuna kitu kimepangwa vibaya huko chini na mtu anajaribu kukiziba kwa juu. Mimi nimeandika hizo fomula za mistari arobaini, nikajisifia nazo, mwaka mmoja baadae nikashindwa kuzisoma.

Na jamani yule mstari mtupu unaotokea kwenye ripoti, ule usio na jina wenye namba pembeni, acheni kuuficha kwa chujio. Huo ni mauzo ambayo mteja wake hayupo kwenye jedwali la wateja. Kuna mtu kauziwa na hatumjui, au kafutwa, au ufunguo umeandikwa na nafasi mwishoni. Upe jina, "hajulikani", uuache uonekane mpaka mtu aone aibu autafutie dawa.

Namalizia na la juzi. Mkuu wetu wa mauzo kanitumia ujumbe, "Ndugu, ongeza malengo kwenye ile ripoti tuone tumefikia wapi, kitu kidogo tu." Nikamjibu kwa heshima zote, mkuu hayo malengo mstari mmoja ni nini, ni mwezi kwa kanda, au wiki kwa muuzaji, au bidhaa? Maana mauzo yetu yako kwa siku na kwa bidhaa, malengo yakiwa kwa mwezi siwezi kuyapachika kwenye mauzo, yatakaa jedwali lake na yatakutana na mauzo kwenye kalenda na kwenye kanda tu, chini ya hapo nisikudanganye. Kasoma, naona anaandika, anaacha, anaandika tena, anaacha. Jioni kanipigia. Kumbe mafaili ya malengo yako mawili, moja la wiki ambalo wauzaji wanapewa na lingine la mwezi ambalo linakwenda kwa bosi, na ukijumlisha wiki za mwezi hazifiki kwenye mwezi. Tena kuna wiki zimekaa nusu mwezi huu nusu ujao na kila mkuu wa kanda anazihesabu anavyojua yeye. Kaniambia nisubiri kwanza, wanaitana kikao. Ni siku ya nne leo, sijaunganisha hata laini moja.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Mtengeneza ripoti